Nimeambiwa katuni yangu haina kinaya, ina sapraizi tu. Tofauti ni ipi jamani?

penseli_butu

Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana nimekwama. Mi nachora katuni fupi fupi, ukurasa mmoja fremu 6, sio kazi ni kujifurahisha tu. Juzi nimemaliza moja nikamwonyesha jamaa yangu mmoja ambaye ni msomaji sana, nikamwambia cheki humu nimeweka kinaya, akasoma mpaka mwisho akatabasamu akasema "nzuri, ila hiyo sio kinaya, hiyo sapraizi." Nikamuuliza tofauti nini, akaanza kunieleza mambo ya hadhira kujua na mhusika kutojua, nikawa naitikia tu ndiyo ndiyo lakini kusema ukweli sikuambulia kitu.

Stori iko hivi. Ndugu wawili, mdogo anatafuta saa ya mkono ya marehemu baba yao. Fremu ya 1 anafungua droo, saa haipo. Ya 2 kaka mtu anaingia anauliza "unatafuta nini?" Ya 3 wanatafuta wote, kaka kapiga magoti anachungulia uvunguni mwa kitanda. Ya 4 mdogo anasema "bila wewe kaka sijui ningefanyaje." Ya 5 kaka anamshika bega, "itapatikana tu, usijali." Ya 6 kaka anatoka mlangoni, katupa mgongo, na kwenye mfuko wa nyuma wa suruali kuna karatasi inachungulia, ukiangalia vizuri ni risiti ya duka linalonunua saa kuukuu. Mwisho.

Sasa hapo si msomaji anajua kitu ambacho mdogo mtu hajui? Si ndo kinaya chenyewe? Au kinaya ni kile cha kumwambia mtu aliyejaa matope "leo umependeza kweli"? Nisaidieni kabla sijachora nyingine.

MzeeWaFremu

Jamaa yako kakwambia kweli, ila kakueleza haraka mno.

Jiulize msomaji kajua lini habari ya risiti. Fremu ya 6. Hizo tano za mwanzo zote alikuwa sawasawa na mdogo mtu, hajui kitu, anamwona kaka kama mtu mwema anayejituma. Kwa hiyo pale fremu ya 4 mdogo anaposema "bila wewe kaka sijui ningefanyaje" msomaji kaichukulia kama asante ya kawaida akapita zake. Hiyo ndo sentensi nzuri kuliko zote kwenye ukurasa wako na umeitupa bure.

Fanya jaribio, hata kwenye karatasi chakavu. Risiti itoe fremu ya 6 uilete fremu ya 2, kaka anapoingia. Mdogo kainamia droo hamwoni, na kaka anaizamisha risiti mfukoni kwa kidole gumba. Sisi tumeiona, mdogo hajaiona. Mazungumzo usiguse hata neno moja. Sasa soma tena kuanzia juu. "Unatafuta nini?" na anajua fika kinachotafutwa. Kupiga magoti kuchungulia uvunguni, dah. Halafu "bila wewe kaka sijui ningefanyaje", hapo mdogo kasema kweli tupu bila kujua, maana bila huyo kaka saa ingekuwepo ndani ya droo! Maneno ni yale yale lakini sasa yana maana mbili, moja anayo anayesema na nyingine tunayo sisi tunaosoma.

Hicho ndo kinaya cha kidrama. Cha matope ni kinaya cha maneno, anayesema anajua kabisa anachofanya, na kikiwa kikali watu wanakiita kejeli.

chungu_tamu

Mi nina ubishi hapa. Mkishamwambia msomaji kila kitu fremu ya 2 anaendelea kusoma kwa ajili gani? Mi nikishajua mwizi ni nani nafunga kitabu nalala. Humu mtandaoni watu wanablokiana kwa sababu mtu katoboa mwisho wa muvi, af nyie mnasema mwandishi mwenyewe ndo atoboe mapema?

MzeeWaFremu

Chungu mwisho haujatobolewa, iliyotoka ni siri tu. Bado hujui kama kaka atakamatwa, atakiri, au atatoka hapo kwenda kuirudisha saa.

Kuna mfano maarufu wa Alfred Hitchcock yule mwongozaji wa filamu, alimpa François Truffaut, mwongozaji mwenzake wa Ufaransa, kwenye mahojiano yao ya 1962 ambayo baadaye yalitoka kitabu. Watu wamekaa mezani wanapiga soga, chini ya meza kuna bomu. Kama mtazamaji hajui, bomu linalipuka ghafla, anashtuka sekunde 15 yameisha, na maongezi yote yaliyotangulia yalikuwa hayana maana yoyote kwake. Sasa chukua hao hao watu na bomu lile lile, ila mtazamaji alimwona anayelitega, anajua litalipuka saa 7 kamili, na saa ya ukutani inasomeka saa 7 kasoro robo. Wale wanaongea habari za kawaida tu na wewe kwenye kiti unataka kupiga kelele, acheni upuuzi huo angalieni chini ya meza! Umepata dakika 15 badala ya sekunde 15, na hujaongeza hata senti kwenye gharama.

Ila tuwe wa kweli, Hitchcock huyo huyo alisema pale ambapo sapraizi yenyewe ndo utamu wa stori basi ifiche. Hakusema fichua kila kitu kila siku.

chungu_tamu

Sawa lakini hiyo ya bomu si taharuki? Tulifundishwa taharuki ni kitu kingine na kinaya ni kitu kingine. Mnachanganya madawa.

bibi_kitabu

Swali zuri chungu na wengi wanalikosea. Taharuki ni ile hali ya roho kuwa juu, unataka kujua litatokea nini. Unaweza kuwa na taharuki bila kinaya, mfano mhusika yuko kwenye chumba cha giza, hajui kuna nini na wewe hujui, wote mnaogopa pamoja. Na unaweza kuwa na kinaya bila taharuki kabisa, pale mwisho unajulikana na wote ila bado kinakuuma. Kwenye bomu vyote viwili vimekutana, ndo maana linanoga.

Mfano mkubwa wa kinaya ambacho hakitegemei kubahatisha mwisho ni tamthilia ya Sophocles, Mgiriki wa kale, juu ya mfalme Oedipus (iko kwa Kiswahili, Mfalme Edipode, kaitafsiri Samuel Mushi). Waathene waliokwenda kuitazama zaidi ya miaka 2,400 iliyopita walikuwa wanakijua kisa hicho kabla hawajakaa, hakuna mtu aliyekuwa anasubiri kujua muuaji nani. Mji una tauni, mungu kasema mpaka aliyemuua mfalme Laius atolewe. Oedipus anasimama mbele ya watu anamlaani muuaji, anasema hata kama yumo nyumbani mwangu na mimi najua laana inipate mimi. Halafu anaongeza kwamba atampigania Laius kama ambavyo angempigania baba yake mzazi.

Na Laius NDIYE baba yake mzazi. Na muuaji ni yeye. Kila akiongeza bidii ya kutafuta haki anajisogeza kwenye shimo, tena hakuna anayemdanganya kwa makusudi pale, ni yeye na ulimi wake. Mimi nimeisoma sijui mara ngapi na hiyo sentensi ya baba mzazi bado nywele zinanisimama.

Jambo la pembeni tu kwa wapenda historia: Wagiriki walikuwa na neno la mtu anayejifanya hajui kumbe anajua, huko ndiko neno la kinaya la Wazungu lilikotoka. Lakini kulitumia kwa hali hii ya jukwaani, hadhira inajua na mhusika hajui, kulikuja kukolezwa baadaye sana, mwaka 1833, pale Mwingereza mmoja Connop Thirlwall alipoandika makala juu ya kinaya cha Sophocles. Kitu kilikuwepo zamani, jina ndo limechelewa.

penseli_butu

Duh asanteni. Nimejaribu kuihamisha risiti kama MzeeWaFremu alivyosema na kweli ile fremu ya 4 sasa inachoma. Lakini fremu ya 6 imekufa!! Kaka anatoka tu mlangoni basi, haina kitu. Nifanyeje?

kalamu_nyekundu

Karibu kwenye tatizo la kila mtu hahaha. Ukishatoa siri mapema lazima uwe na kitu kingine cha kulipa mwishoni, la sivyo msomaji anabaki na deni. Kwa mfano yule mdogo mtu anapiga hodi kwenye dirisha la yule anayenunua saa, au kaka anageuka mlangoni kama anataka kusema kitu af hasemi.

Af naongezea mfano maana naona mnaongea Ugiriki tu na huyu mtu anachora katuni. Chukua Spider-Man wa zile hadithi za zamani. Toka alipotoka 1962 Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man, anaficha sura. Bosi wa gazeti J. Jonah Jameson anamchukia Spider-Man kufa, anataka picha zake kila siku ili amchafue, na anayemletea hizo picha ni Peter, anajipiga mwenyewe na kamera yake anakwenda kuuza. Fikiria hiyo sini ofisini, mzee anafoka huyo mdudu ni hatari kwa jamii, mbele yake kasimama huyo huyo mdudu anasubiri kulipwa. Hakuna hata ngumi moja kwenye hiyo fremu na inachekesha kuliko mapigano ya kurasa 10. Superman vilevile, zile hadithi za mwanzo toka 1938, Lois Lane anamzimia Superman na kumdharau Clark Kent, ambaye ni mtu mmoja kavaa miwani.

Halafu angalia tofauti na Oedipus wa bibi_kitabu. Peter anajua, Jameson ndo hajui. Kwa hiyo msomaji yuko upande mmoja na mwenye siri, wanakonyezana. Kwa Oedipus hujakonyezana na mtu, uko peke yako na hiyo habari na huwezi kumwambia. Ndo maana moja inachekesha na nyingine inaumiza. Ukitaka kuona iliyo katikati soma manga (katuni za Kijapani) ya Death Note, kijana Light anauwa watu kwa siri, polisi wanamtafuta muuaji, kiongozi wa msako ni baba yake mzazi, na yeye mwenyewe anaingizwa kwenye kikosi kusaidia kujitafuta. Msomaji anajua toka mwanzo. Unamkonyeza Light na wakati huo huo unamwonea huruma mzee wa watu.

tikiti_maji

Na ile ya Charlie Brown wa katuni za Peanuts na mpira je? Yule dada Lucy anamshikia mpira aje aupige teke, akifika anauvuta, Charlie anaruka hewani anaanguka chali. Kila mara. Sisi tunajua atauvuta yeye hajui. Kinaya cha kidrama hicho.

kalamu_nyekundu

Mmh hapana, hapo nakataa. Charlie anajua. Kashaanguka mara ngapi, na mara nyingi anamwambia kabisa Lucy utauvuta tu, af Lucy anakuja na hoja mpya yeye analainika. Kinachotuuma pale ni kwamba anajua na bado anakimbia. Hatumzidi habari, tumemzidi kukata tamaa tu.

tikiti_maji

Haya yameisha, nimekaa chini

bibi_kitabu

Mimi ningemtetea tikiti_maji kidogo. Kwenye fremu ile ambayo Charlie keshaamini, yuko mbio, amesahau yote, na mchoraji anatuonyesha sura yake ya furaha, kwa hizo fremu mbili tatu tunajua kumzidi. Lakini sawa, siwezi kugombea sana.

mstari_mwembamba

Kuna kitu hamjagusa na ndo muhimu kuliko vyote kwa mtu anayechora. Kwenye jukwaa au muvi mtazamaji anapewa habari moja baada ya nyingine, hana namna ya kuruka. Kwenye katuni ya ukurasa mmoja macho yanaona ukurasa WOTE kabla hayajasoma kiputo cha kwanza (yale maneno ya wahusika). Penseli, risiti yako ya fremu ya 6, nusu ya watu walishaiona pembeni ya jicho wakati wanaanza fremu ya 1, hasa kama umeichora nyeupe kwenye suruali nyeusi. Kwa hiyo sapraizi kwenye ukurasa mmoja inavuja yenyewe. Ndo maana wachoraji wa vitabu wanaweka jambo la kushtua ukurasa wa kushoto, lile ambalo mpaka ufunue karatasi ndo unaliona, kwa vitabu vinavyosomwa kushoto kwenda kulia. Kwa simu ni tofauti, kama fremu zimepangwa chini kwa chini unateremsha kwa kidole basi cha chini hakionekani, unaweza kuficha.

Kinaya hakina shida hiyo, hata kikivuja hakipungui. Tena msomaji akirudia mara ya pili ndo kinazidi, wakati sapraizi ukirudia unakuta maganda. Ingawa niseme ukweli, sapraizi iliyotengenezwa vizuri mara ya pili inageuka kuwa kinaya, maana sasa unajua na unasoma maneno ya kaka kwa jicho lingine. Kwa hiyo katuni yako ya kwanza haikuwa mbaya kihivyo, ilikuwa na kinaya kwa watakaoirudia tu, na nani anarudia katuni ya fremu 6?

Kingine, katuni ina njia mbili za kusema kwa wakati mmoja, picha na kiputo. Kiputo kinaweza kusema "itapatikana tu" na picha ikaonyesha mkono umefunika mfuko. Mwandishi wa riwaya lazima aseme kimoja halafu kingine, wewe unavigonganisha ndani ya fremu moja. Tumia hiyo. Mgeuze mhusika upande mmoja, siri ikae upande wa pili wa fremu, na macho ya mhusika yasielekee huko kabisa. Akitupa jicho kidogo tu upande wa siri msomaji ataanza kujiuliza kaona au hajaona, na kinaya kimekwisha hapo.

asiye_na_haraka

Nasoma kimya kimya toka asubuhi, naomba niseme moja. Penseli umeuliza fremu ya 6 ufanyeje. Jaribu hivi, risiti tuione fremu ya 1 badala ya ya 2. Mdogo anafungua droo, saa haipo, na chini ya karatasi nyingine kwenye hiyo droo kuna risiti. Anaisoma. Anaikunja anaiweka mfukoni mwake. Kisha kaka anaingia, "unatafuta nini?"

Sasa rudi na mazungumzo yako yale yale. Mdogo anajua, kaka hajui kwamba mdogo anajua. Kaka anapiga magoti uvunguni na mdogo kasimama juu yake anamwangalia. "Bila wewe kaka sijui ningefanyaje." Hebu isome hiyo tena.

MzeeWaFremu

Aisee.

chungu_tamu

Hapo sasa nimekubali, na mi ndo niliyekuwa napinga. Mwongo ndo anadanganywa. Na fremu ya 6 inajibu yenyewe, kaka anatoka mlangoni anajiona mjanja na risiti iko mfukoni kwa mdogo nyuma yake.

kalamu_nyekundu

Ila angalia kinachopotea pia. Toleo la MzeeWaFremu mdogo ni mtu asiye na hatia na asante yake ni ya dhati, ndo inauma. Toleo hili asante yake imegeuka kejeli, maana yeye anajua anachosema. Ni kinaya cha maneno juu ya kinaya cha kidrama. Mhusika wako amekuwa mtu mwingine kabisa, mkali kidogo. Inategemea unataka tumhurumie au tumwogope.

Na bomu likishaonyeshwa angalia unalimalizaje. Hitchcock kwenye filamu yake ya 1936, Sabotage, alimpa mtoto bomu alibebe bila kujua, sisi tunajua, tunamfuata njia nzima anacheleweshwa na hiki na kile, mpaka ndani ya basi, na likalipuka kweli na mtoto akafa. Watazamaji walichukia, na yeye mwenyewe baadaye alikiri lilikuwa kosa. Alishawafanya wampende yule mtoto dakika zote zile.

penseli_butu

Nimerudi wakuu. Nimechora zote mbili usiku huu, mkono umekufa ganzi. Nikampa mdogo wangu asome bila kumweleza chochote. Ile ya kwanza kabisa, yenye risiti mwishoni, aliwahi kuisoma akasema "ahaa" akanirudishia. Ya MzeeWaFremu kafika fremu ya 4 akafyonza, akasema huyu kaka mshenzi. Ya asiye_na_haraka kasoma, karudi juu, kasoma tena, af akaniuliza "sasa atamwambia lini kwamba anajua?" Nikamwambia sijui, sijaandika. Akasema basi endelea.

Kwa hiyo naona itakuwa kurasa mbili. Tatizo moja tu, kaona ile risiti kwenye droo akadhani ni tiketi ya basi.

mstari_mwembamba

Usiandike maneno mengi juu yake. Chora kisaa kidogo kama nembo ya duka juu ya karatasi, na hakikisha droo kwenye hiyo fremu haina kitu kingine cheupe. Na kidole cha mdogo kisifunike hiyo nembo, hilo kosa nimelifanya mi mwenyewe mara mbili.